Riwaya ya Sicily imeninyima usingizi

Jamani wiki hii silali, nipo na Il Gattopardo ya Giuseppe Tomasi di Lampedusa, riwaya ya Sicily, kile kisiwa cha kusini mwa Italia, inayoanza 1860, Garibaldi, jemadari aliyepigania muungano wa Italia, anashuka bandari ya Marsala na watu wake kama elfu moja, wale wa mashati mekundu, na yule mwinyi mkubwa Don Fabrizio anaona kabisa enzi za mamwinyi zinaondoka, na usiku anarudi zake kwenye darubini kutazama nyota. Nikaona hapana, hiki siwezi kukisoma hivihivi, nikatafuta na historia ya muungano wa Italia nikawa navisoma sambamba, sura huku sura kule, ndo nikajua ufalme wenyewe ulitangazwa 1861 na Roma ikaja kuingia 1870, yaani miaka yote nilichukulia Italia ni nchi moja tangu zama za Kaisari!

Ila kilichoniuma ni mwandishi mwenyewe. Wachapishaji walimkataa, akafariki 1957, kitabu kikatoka 1958. Hakukiona jamani.

Saa hizi nipo ile sura ya dansi kule Palermo, nasoma polepole makusudi, sitaki iishe.