Kutoka Monette hadi Bowling Green, kwenye njia ya tornado

Tulianzia Monette, mji mdogo wa mashamba ya pamba kaskazini mashariki mwa Arkansas. Ilikuwa Aprili 2022, miezi minne baada ya tornado za usiku wa 10 Desemba 2021. Tulikusudia kuifuata njia yenyewe kwa gari, kuelekea kaskazini mashariki kama wingu lilivyokwenda: Arkansas, pembe ya Missouri, Tennessee, kisha Kentucky, na kumalizia Bowling Green, iliyopigwa na wingu jingine usiku huo huo. Tulibeba ramani za ukaguzi za Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, futi kamba, na viatu vya soli ngumu. Hivyo viatu si vya hiari. Miezi minne baada ya tornado bado misumari imelala kwenye nyasi ikiangalia juu, na ndiyo inayojeruhi watu wengi baada ya upepo kupita.

Neno kwanza. Kiswahili kina kimbunga, tufani na kisulisuli, na magazeti yetu huandika kimbunga kwa kila upepo mkali. Kimbunga kama Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, huzaliwa juu ya bahari yenye joto, huwa na upana wa mamia ya kilomita, hupewa jina, na watu hutangaziwa siku kadhaa kabla. Tornado hutoka kwenye wingu moja la radi linalozunguka. Nyingi hazifikishi hata nusu kilomita kwa upana, hazina jina, na onyo lake ni la dakika. Aliyejiandaa kwa kimbunga cha baharini hajajiandaa kwa tornado, kwa hiyo hapa nitaliacha neno tornado kama lilivyo.

Desemba si msimu wa balaa hili. Msimu wake mkuu huko ni machipuko, Machi hadi Juni. Lakini siku ile hewa ya joto na unyevu ilipanda kutoka Ghuba ya Mexico, joto likawa kama la mwezi wa Mei, huku juu upepo ukienda kasi mno na kubadili mwelekeo kadiri unavyopanda. Joto la chini hulipa wingu nguvu ya kupanda, na tofauti ya upepo kati ya chini na juu hulifanya lizunguke. Vikikutana vyote viwili usiku, watu wakiwa wamelala au wako zamu ya kiwandani, hatari huongezeka maradufu: gizani tornado haionekani, ila umeme ukimulika.

Kutoka Monette njia inapita Leachville, inaingia Missouri, inavuka mto Mississippi na kufika ziwa Reelfoot huko Tennessee, ziwa lililofanyika kwa matetemeko ya ardhi ya 1811 na 1812. Tornado hiyo ya kwanza ilikwenda kilomita 130 hivi. Siku za mwanzo watu wengi waliamini kwamba hiyo na ile iliyopiga Mayfield ni moja, na kwamba rekodi ya 18 Machi 1925 imevunjwa. Ile ya 1925 ilikwenda kilomita 352 kupitia Missouri, Illinois na Indiana na kuua watu 695. Wakaguzi walipopita mguu kwa mguu wakakuta pengo. Baada ya mji wa Samburg uharibifu unapungua hadi kuisha, kisha unaanza upya karibu na Woodland Mills, upande wa pili wa kaunti ya Obion. Tulisimama kwenye pengo hilo. Uzio umesimama, mabanda yana mabati yake, miti ina matawi yote. Wingu lilikuwa lile lile moja, ila lilitua mara mbili.

Ile ya pili ndiyo kubwa. Iligusa ardhi saa 2:54 usiku, ikatembea kilomita 266 kwa karibu saa tatu, na ikaua watu 57.

Mayfield ni mji wa watu wapatao 10,000, na ulipigwa saa tatu na nusu usiku hivi. Kabla haijafika, ofisi ya hali ya hewa ya Paducah ilikuwa imetangaza dharura ya tornado, ngazi ya juu kuliko zote za onyo. Rada ilishaonyesha vifusi vikiwa angani. Hilo hujulikanaje? Matone ya mvua yanafanana umbo, kwa hiyo mawimbi ya rada yanarudi yakiwa na ulinganifu mkubwa. Mbao, mabati, majani na vipande vya ukuta havifanani, na ulinganifu huo hushuka ghafla mahali pamoja. Mtaalamu akiona doa hilo juu ya mji, anajua kwamba nyumba zinavunjwa wakati huo huo. Usiku ule vifusi vilipanda hadi kilomita 9 hivi.

Katikati ya mji ndipo somo la kwanza lilipo. Majengo mengi yalikuwa ya matofali ya kuchoma, ya karne iliyopita na kabla yake, kuta nene zisizo na nondo. Ukuta wa namna hiyo hubeba uzito wa kushuka kwa miaka mia bila tatizo. Upepo wa tornado haushuki. Unasukuma ubavuni huku unalinyanyua paa, na paa ndilo lililokuwa limeshikilia vichwa vya kuta zisiyumbe. Paa likishaezuliwa, kuta zinabaki kama vitabu vilivyosimamishwa mezani bila cha kuegemea. Mahakama ya kaunti ya Graves, iliyosimama tangu karne ya 19, ilipoteza paa na mnara wa saa, na baadaye ikabomolewa kabisa. Tulikuta uwanja mtupu.

Magharibi mwa mji kulikuwa na kiwanda cha mishumaa, watu kama 110 wakiwa zamu. Walikufa 9. Ukumbi mpana wa fremu za chuma na kuta za bati una udhaifu wake: nguzo chache, nafasi kubwa katikati, na milango mikubwa ya mizigo. Mlango mmoja ukipasuka upepo unaingia, unasukuma paa kutoka ndani huku ule wa nje unalivuta juu, na fremu zikianza kulala zinavutana moja baada ya nyingine. Choo au korido ndani ya ukumbi kama huo ni afadhali kuliko sakafu wazi, lakini si kinga dhidi ya upepo wa daraja hili.

Nje ya katikati ya mji tuliinama kwenye misingi ya nyumba za kuishi. Hapa pana mambo mengi kwa anayejua kuangalia. Nyumba ya Kimarekani kwa kawaida ni ya mbao: sakafu ya zege, juu yake ubao mlalo, juu ya ubao ukuta, juu ya ukuta kenchi. Ubao ule hushikwa na bolti zilizozamishwa kwenye zege. Kanuni za ujenzi za kawaida huko zinataka bolti ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, iliyozama sentimita 18, umbali kati yake usizidi mita 1.8, na kila kipande cha ubao kiwe na bolti karibu na ncha zake, na juu yake washa (kisahani cha chuma chenye tundu) na nati. Msingi mmoja tuliopima ulikuwa na bolti zote mahali pake, zimesimama wima bila kupinda hata moja, na uzi wake mzima. Maana yake ni kwamba nati hazikuwepo. Ubao ulichomoka juu ya bolti kama kofia inavyovuliwa. Kama nati zingekuwepo, bolti zingepinda, au ubao ungepasuka na kuacha vipande vimebanwa chini ya washa. Msingi wa jirani haukuwa na bolti kabisa, misumari ya zege tu.

Fundi wa kwetu atalitambua jambo hili mara moja. Ni sawa na ubao wa paa uliokalishwa juu ya lenta bila kufungwa mkanda wa chuma: nyumba imekamilika kwa macho, ila imekalia uzito wake wenyewe. Shule zetu huezuliwa mapaa kwa upepo mdogo mno kuliko huu, kwa sababu ile ile. Na nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Mnyororo wote, kuanzia bati hadi kenchi, kenchi hadi ukuta, ukuta hadi ubao, ubao hadi zege, hukatikia kwenye kiungo kilicho dhaifu. Kwa nyumba za mbao kiungo hicho mara nyingi ni misumari mitatu ya mshazari inayoshika kenchi kwenye ukuta, wakati kibanio cha chuma cha bei ndogo kingeongeza uimara mara kadhaa.

Misingi hiyo ndiyo iliyoamua daraja. Kasi ya tornado haipimwi kwa kifaa ardhini, maana kifaa huvunjika au hakipo. Mkaguzi hutazama uharibifu, kisha hukadiria. Kipimo cha EF (Enhanced Fujita, kuanzia EF0 hadi EF5), kinachotumika Marekani tangu Februari 2007, kina aina 28 za vitu vya kutazamwa, na kila kimoja kina ngazi zake. Nyumba ya familia iliyobomoka kuta zote hukadiriwa kilomita 274 kwa saa. Iliyofagiliwa hadi zege jeupe ni 322, lakini ni pale tu ilipojengwa sawasawa. Ikikutwa haina nati, mkaguzi anashusha. Ndiyo maana tornado hii iliyopiga Mayfield ilipewa EF4 na kasi ya kilomita 306 kwa saa, chini kidogo ya EF5 inayoanzia juu ya 322. Watu waliopoteza ndugu waliona kama msiba wao umepunguzwa. Naelewa uchungu huo, ila naona wakaguzi walifanya haki: namba ile inaeleza upepo uliothibitika, si ukubwa wa msiba. Tangu Moore, Oklahoma, Mei 2013, haikupatikana EF5 nyingine mpaka Enderlin, North Dakota, Juni 2025.

Mbele ya Mayfield barabara inafika ziwa Kentucky na ile nchi ya msitu iliyo kati ya maziwa mawili. Hakuna nyumba nyingi, ila miti inasema. Upepo wa kawaida wa dhoruba hulaza miti upande mmoja, au kuitawanya kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Hapa ililala ikielekeana, ya kulia na ya kushoto ikielekeza vichwa katikati ya njia. Karibu na mstari wa katikati miti haikung'oka. Ilibaki nguzo, matawi yote yamenyofolewa na gome limechunwa kwa mchanga na vifusi. Kwenye nguzo moja bati lilikuwa limejikunja kama kitambaa kwenye kamba ya kuanikia, juu mno hata ngazi isingefika.

Princeton tulipita haraka. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Chuo Kikuu cha Kentucky kilikuwa kimevunjwa vibaya.

Dawson Springs tulikaa zaidi. Mji wa watu kama 2,500, na sehemu kubwa yake iliharibika. Ndiko ilikotoka picha ya familia iliyookotwa New Albany, Indiana, kilomita zipatazo 200 kutoka pale. Kwenye ukuta mmoja uliobaki palikuwa na alama kubwa ya X ya rangi ya kupuliza. Waokoaji huisoma hivi: kushoto jina la kikosi, juu tarehe na saa ya kumaliza, kulia hatari zilizomo kama gesi au panya, chini idadi ya waliopatikana, hai na waliokufa. Chini palikuwa na sifuri. Huwezi kuipita sifuri hiyo bila kushusha pumzi.

Usafi nao una utaratibu wake, na ukikosewa lori haichukui. Vifusi hupangwa ukingoni mwa barabara kwa mafungu: matawi na magogo peke yake, mbao, matofali na mabati peke yake, friji na majiko peke yake, friji ikiwa imefungwa kwa utepe wa gundi isifunguke, vifaa vya umeme peke yake, rangi, betri na dawa za sumu peke yake. Rundo lisikae juu ya mita ya maji wala chini ya nyaya, kwa sababu mkono wa kijiko utaivunja ile na kuzikata hizi. Jenereta likae nje, mbali na dirisha. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu ya kukuamsha, nayo huua waliookoka upepo.

Bowling Green ilipigwa na wingu jingine, usiku wa kuamkia 11 Desemba, baada ya saa 7. EF3, kasi ya kilomita 266. Mji huu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, Wabosnia, watu wa Myanmar, Wakongo, na Kiswahili unakisikia dukani. Onyo la simu halikuja kwa Kiswahili. Kwa hiyo wasemaji wetu walioko huko wayajue maneno mawili kwa sura yake. "Tornado Watch" maana yake hali inaruhusu: chaji simu, vaa viatu, jua utakakokimbilia. "Tornado Warning" maana yake imeonekana au rada imeiona: ingia sasa hivi. Shuka ghorofa ya chini kabisa, chumba cha ndani kisicho na dirisha, bafu au stoo, kofia ngumu kichwani, godoro juu yenu, viatu miguuni. Usifungue madirisha kusawazisha hewa. Unaukaribisha upepo uinue paa. Usijifiche chini ya daraja. Nyumba ya kuhamishika iacheni mapema, wakati wa "Watch", kwa sababu hata ikifungwa mikanda haihimili.

Mtaa wa mwisho tuliotembea ulikuwa na nyumba mbili zinazoanza upya. Kwenye moja yao kijana mmoja alikuwa amepiga magoti akikaza nati kwa spana, na kila bolti ilikuwa na washa yake pana. Tulipima umbali kati ya bolti: mita 1.2.