Kiangazi cha Kano na boga langu kubwa

Kuanzia katikati ya Januari hadi mvua ya masika ianze mwezi wa tatu, hapa tambarare za Kano, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, jua halina huruma. Kipimajoto nilichotundika chini ya mwembe husoma nyuzi 33 au 34 ikifika saa nane mchana, na hapo ni kivulini. Nje kwenye udongo mtupu huwezi kukanyaga bila viatu. Huu ndio wakati boga langu linapaswa kunenepa, kwa hiyo siku zangu zote sasa zinapangwa kwa kulifuata jua.

Ninalima Atlantic Giant, aina iliyoendelezwa na Howard Dill kule Nova Scotia, Kanada, ambako kiangazi ni kifupi na usiku hupoa. Karibu kila boga linalovunja rekodi duniani limetoka katika ukoo huo. Mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota, Marekani, alipeleka California boga la kilo 1,247. Boga la namna hiyo, likiwa katika wiki zake za kasi, huongeza zaidi ya kilo 15 kwa siku moja. Mimi sitarajii tani. Siku zetu ni za saa 12 za mwanga mwaka mzima, nao wakulima wa kule kaskazini Juni wanapata zaidi ya 15. Lakini hilo la kilo kwa siku nimelitafakari sana, kwa sababu sehemu kubwa mno ya uzito huo ni maji, na maji hayo hupita kwenye mizizi.

Basi wageni wakifika shambani huniuliza boga nimelifunika kwa nini, nami huwaonyesha ardhi kwanza. Joto la Kano linaliua boga kutokea chini.

Udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa unanata kwenye jembe, ukikauka unapasuka hadi mkono mzima unazama kwenye ufa. Kila ufa unapofunguka unakata mizizi midogo, ile myembamba inayofanya kazi yote ya kunywa, kisha unaingiza hewa ya moto hadi chini. Mmea uliokatwa mizizi saa saba mchana hauwezi kusaidiwa na mwavuli. Ndiyo maana nikaagiza mabua makavu ya mpunga kutoka Ahero, ambako baada ya mavuno wengine huyachoma tu, nikayatandaza shamba zima, unene wa kiganja kilichosimama. Nikiingiza vidole chini yake saa nane nakuta unyevu na ubaridi, wakati hatua mbili pembeni ardhi inaunguza. Nimeongeza na gugu maji kutoka ufukweni, lakini hilo lianikwe likauke kabisa kwanza. Bichi lina ukaidi, linaweza kuchipua tena mahali penye maji, na sisi tunaoishi karibu na ziwa hatuhitaji kulisambaza zaidi.

Kuna faida nyingine ya kuifunika ardhi. Mmea wa boga unapotambaa, kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu huweza kutoa mizizi mipya. Nafukia vifundo hivyo kimoja kimoja kadiri mmea unavyosonga, kwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mizizi hiyo hulisha boga kutoka pande nyingi, na pia huushikilia mmea chini. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma mchana, mmea usiofukiwa hupinduliwa na majani huvunjika kwenye vikonyo.

Jirani yangu, mama wa makamo ambaye amelima malenge ya kawaida tangu kabla sijazaliwa, alisimama kwenye ua wiki iliyopita adhuhuri akayaona majani yote yamelala.

"Mwanangu, huu mmea unakufa kiu. Mwagia maji!"

"Mama, tungoje jioni. Jioni ndipo tutajua kama ni kiu."

Ikafika saa kumi na mbili, majani yamesimama wima. Akacheka, akasema hata yake hufanya hivyo. Jani la boga ni pana mno, na joto likizidi linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Linafunga vitundu vyake vidogo, linalegea, na kwa kulegea linapunguza eneo linalopigwa na jua. Huko ni kujikinga. Ukimwaga maji kila linapolegea, udongo huu mzito unajaa, mizizi inakosa hewa na kuoza, na hapo ndipo utaona majani yamelegea kweli. Kipimo changu ni alfajiri: jani likiwa bado limelala kabla jua halijatoka, ardhi ni kavu na sina budi kunywesha kwa wingi. Kwa kawaida nanywesha asubuhi mapema, polepole, maji yazame, halafu naacha. Kila siku kiasi kilekile. Boga lililozoea kiu halafu likapewa maji mengi kwa ghafla hupasuka.

Wenzetu wenye maji ya bomba hunyunyiza majani mchana, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Mimi maji nayavuta kisimani kwa pampu ya kukanyaga, siwezi kuyatumia hivyo. Ninachofanya ni kupitisha pampu ya mgongoni kwenye ncha changa za mmea saa saba, matone membamba tu, na nahakikisha pampu hiyo haijawahi kubeba dawa ya kuua magugu. Baada ya saa tisa sinyunyizi tena. Majani yakiingia usiku yakiwa maji, ugonjwa wa ukungu unakaribishwa.

Maua ndiyo yaliyonipa wasiwasi mkubwa kuliko yote. Ua la kike la boga likipata joto la kupita nyuzi 32 au hivi karibu na siku ya kuchanua, mara nyingi kitoto chake hugeuka manjano na kuanguka hata kama nyuki walifika. Kwa mmea unaotakiwa kubeba tunda moja tu, kupoteza ua ni kupoteza wiki nzima. Nilikuwa nalifunga ua jioni kwa uzi laini lisifunguke kabla yangu, kisha alfajiri nachuma maua ya kiume, nayaondoa petali, nagusisha chavua mwenyewe jua likiwa bado nyuma ya milima ya Nandi. Baada ya hapo nalisimamishia ua tenga lililofunikwa gunia la katani lililoloweshwa, bila gunia kuligusa. Upepo ukipita kwenye gunia, ndani panapoa, ni ile kazi inayofanywa na mtungi wa udongo kwa maji ya kunywa. Boga nililo nalo sasa lilishika chini ya tenga hilo, na siku nilipoliona limekuwa la ukubwa wa ngumi na bado ni la kijani linang'aa, nilifurahi hadi nikamwita kila aliyekuwa nyumbani.

Sasa kivuli. Boga likipigwa na jua moja kwa moja, ngozi yake hukomaa na kuwa ngumu kabla ya wakati, na ngozi ngumu haitanuki. Ndani linataka kukua, nje limefungwa, mwisho linapasuka au linasimama. Pengine jua huliunguza likabaki na baka jeupe linaloanza kuoza. Nimeliwekea jamvi la mafunjo, haya yanayosukwa na akina mama wa ufukweni, juu ya miti minne, likiwa na nafasi ya kutosha hewa kupita. Karatasi ya nailoni sishauri kabisa, kwa sababu inakusanya joto na jasho. Maelekezo mengi ya wakulima wa kaskazini husema uweke kivuli upande wa kusini. Sisi Ikweta inapita hapo Maseno, na kufikia tarehe 20 Machi jua la adhuhuri linakuwa utosini kabisa. Kwa hiyo paa la kivuli ndilo muhimu, pamoja na pazia upande wa magharibi kwa lile jua la saa tisa na saa kumi. Majani yenyewe siyafuniki. Yanahitaji mwanga yatengeneze chakula, na mmea wote ukiwekwa kivulini boga nalo linadumaa. Shambani ni boga peke yake lililo kivulini.

Kivuli bora hata hivyo ni majani yaliyo karibu na tunda. Hapa kwetu susa, yaani majani ya boga, ni mboga ya kila jioni, na si haki kumnyima jirani majani ya mmea unaojaza shamba. Tumekubaliana wachume kwenye matawi ya pembeni yaliyo mbali, ambayo hata hivyo napaswa kuyapogoa, na wasiguse eneo la boga. Wanaliheshimu sharti hilo. Mtoto mmoja hata ameteuliwa na wenzake kuwafukuza mbuzi, na kazi hiyo anaifanya kwa bidii kuliko nilivyotegemea.

Jioni hizi mawingu yameanza kujikusanya upande wa Nandi. Mvua ya kwanza itakuja kwa kishindo, na boga lililotoka kwenye ukavu ndilo hupasuka siku hiyo. Sitapunguza maji kwa kuona wingu, nitaendelea kunywesha hadi matone yenyewe yafike, ili mmea usishtuke. Chini ya boga nimeshatandaza mchanga na maganda ya mpunga lisikae kwenye tope. Kinachobaki ni mfereji upande wa chini wa shamba, maji yasituame kwenye mizizi. Tunaanza kuuchimba kesho asubuhi kabla ya jua kali, mama jirani ameahidi kuwaleta wanawe wawili wenye majembe, na ujira wao ni susa na boga la sokoni kila mmoja.