Kushusha Allion ya Kila Siku Bila Kuumiza Mgongo

Hapa Kampala mtu akigusa saspensheni ya gari lake, mara nyingi anataka kuliinua. Toyota Premio au Wish ikishafika kutoka Mombasa hupelekwa gereji iwekewe vipande vya raba au chuma juu ya springi, ili tumbo lisikwaruze matuta. Ndiyo maana nilipomweleza fundi wangu wa Ndeeba kwamba nataka Toyota Allion yangu ishuke, aliuliza kwa upole, "Ssebo, wenzako wote wananiletea niinue, wewe unataka tumbo lilambe lami?" Swali lake ni la haki. Gari hili ndilo linalonipeleka kazini kila siku kupitia Northern Bypass, ndilo linalobeba watoto shuleni, na ndilo tunalosafiria kwenda Masaka kwa wazazi. Sitaki gari la maonyesho. Nataka gari lililotulia barabarani, lisiloyumba kwenye kona, ambalo mama mkwe anaweza kulisafiria kwa saa tatu bila kulalamika.

Wengi huanza kwa kuuliza gari lishuke sentimita ngapi, wakitazama pengo lililo kati ya tairi na ukingo wa bodi. Mimi naona swali hilo linapaswa kuulizwa mwisho. La kwanza ni hili: baada ya kushusha, gurudumu litabaki na nafasi kiasi gani ya kupanda kabla halijafika kikomo? Kwenye fimbo ya shokapu huvikwa raba ambayo kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge chuma gurudumu linapopanda mno. Tuseme gari likiwa na dereva peke yake lina milimita 75 za kupanda. Ukilishusha milimita 40 huku ukiacha shokapu zilezile, zinabaki 35, yaani chini ya nusu. Shimo ambalo zamani lilikuwa linamezwa na springi sasa linaifikia raba, na raba ikibanwa, ugumu wake hupanda ghafla kuliko springi yoyote ya barabarani. Hapo ndipo dereva anaposema kwamba springi za kushushia ni ngumu, ilhali kinachompiga mgongoni ni raba. Nimepanda magari kadhaa ya vijana wa hapa mjini ambayo, kwa maoni yangu, yanatembea juu ya raba hizo kuanzia asubuhi hadi jioni, na wenyewe wanaamini kwamba hiyo ndiyo ladha ya gari la michezo.

Ugumu wa springi wenyewe unaweza kukadiriwa kwa hesabu ya shule ya sekondari. Gari lililo juu ya springi lina kasi yake ya asili ya kupanda na kushuka, na magari ya kawaida ya familia hutengenezwa yatikisike kati ya mara moja na mara moja na nusu kwa sekunde, wakati yale ya mwelekeo wa michezo hukaribia mara mbili. Allion yangu, ya kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 2007, ina uzito wa takriban kilo 1,200, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele. Nikichukua kwamba kila springi ya mbele inabeba kilo 320, basi springi yenye ugumu wa nyutoni 22 kwa milimita inatoa mtikisiko wa mara 1.3 kwa sekunde. Ikiongezwa ugumu kwa asilimia 30, inafika mara 1.5, na hiyo bado ni starehe. Lakini koilova nyingi (seti za shokapu na springi zinazoweza kurekebishwa kimo) za bei nafuu zinazouzwa kwa magari ya ukubwa huu huja na springi za kilo 5 au 6 kwa milimita, yaani karibu nyutoni 50 hadi 60, ambazo zinaipeleka hesabu hiyo hadi mara mbili au zaidi. Kwenye barabara ya Entebbe Expressway, ambayo lami yake ni laini, hutaona ubaya mkubwa. Ukitoka pale ukaingia barabara za ndani za Kira au Kyaliwajjala, utahesabu kila kokoto.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Katika miaka ya 1930 mhandisi Mwingereza Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi General Motors huko Marekani, alionyesha kwamba gari huwa tulivu zaidi ikiwa sehemu ya nyuma inatikisika haraka kidogo kuliko ya mbele. Sababu ni kwamba magurudumu ya mbele hukutana na tuta kwanza, na ya nyuma hufuata baada ya muda mfupi. Nyuma ikiwa na kasi zaidi, huifikia mbele na gari zima hutulia kwa pamoja badala ya kuinamisha pua na mkia kwa zamu. Ukinunua seti ambayo mbele imekazwa sana na nyuma imeachwa laini, abiria wa nyuma atakuwa anatikisa kichwa kama mjusi ukutani kutoka Kyengera hadi Lukaya.

Springi zikibadilika, shokapu nazo lazima zifikiriwe, kwa kuwa springi huhifadhi nguvu ya mshtuko na shokapu ndiyo inayoimaliza. Hapa hesabu ni ya huruma kidogo, kwani nguvu ya kuzuia inayohitajika hufuata kipeuo cha pili cha ugumu wa springi. Springi iliyoongezwa asilimia 30 inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi kwa asilimia 14 tu, na shokapu mpya za ubora wa kiwandani zinaweza kulimudu pengo hilo. Springi iliyozidishwa mara mbili inahitaji zaidi ya asilimia 40, na hapo shokapu za kawaida zitaliacha gari lirukeruke. Nimesema shokapu mpya kwa makusudi. Magari yetu mengi hufika hapa yakiwa yametumika miaka kumi na zaidi, na shokapu zake zilishachoka kabla ya kuvuka bahari. Kuweka springi fupi na ngumu juu ya shokapu zilizochoka, au juu ya shokapu za mitumba kutoka soko la vipuri la Kisekka ambazo hakuna anayejua zimetembea kilomita ngapi, ni kulipa mara mbili.

Sasa matuta, maana hapa ndipo ndoto nyingi hufia. Tuta lililobuniwa na watafiti wa barabara wa Uingereza katika miaka ya 1970 lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10. Allion ina mita 2.7 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kwa hiyo inapokuwa katikati ya tuta la namna hiyo, magurudumu yote bado yako juu ya mteremko wake, na kilele kinapanda kuelekea tumbo kwa kama sentimita 5 tu. Gari lenye nafasi ya sentimita 16 chini halina wasiwasi, hata likishushwa 4. Taabu ni matuta yetu mengine, yale yaliyomwagwa na wakazi wenyewe au na mkandarasi mwenye haraka, yenye upana wa mita moja na kimo cha sentimita 12. Hapo magurudumu ya mbele yanakuwa yameshuka na ya nyuma hayajapanda, kwa hiyo tumbo linakutana na sentimita zote 12. Gari la kiwandani linabakiwa na 4, na ukilishusha 4 linabakiwa na sufuri. Ukilishusha sentimita 2.5 unabakiwa na moja na nusu, na hiyo ni pale unapokuwa peke yako garini.

Huwi peke yako garini. Ukirudi kutoka Masaka na watu wawili wazima nyuma, mikungu miwili ya matooke, gonja na gunia la maharage kwenye buti, umeweka kwa urahisi kilo 200 juu ya ekseli ya nyuma. Kila gurudumu la nyuma likiwa na springi ya nyutoni 25 kwa milimita, mkia unashuka karibu sentimita 4 kwa mzigo huo pekee. Mtu aliyeshusha nyuma sentimita 4 kwa ajili ya sura amekwisha kuitumia nafasi ya mzigo kabla ya kupakia chochote, na ndiyo maana kwenye tuta abiria wake wanaombwa washuke watembee. (Nakubali kwamba hata wenye magari ya kimo cha kiwandani huwashusha abiria mara nyingine, ila wao hawakulipia aibu hiyo.) Kwa sababu hii nilikata shauri kwamba mbele ishuke milimita 25 na nyuma isizidi 15, na kwamba springi za nyuma ziwe za aina ambayo ugumu wake huongezeka kadiri zinavyobanwa, ziwe laini gari likiwa tupu na ziwe ngumu likiwa na mzigo.

Nikiyaweka mezani machaguo yaliyopo, naona machache tu yanayofaa. Koilova si adui wa starehe kwa asili yake. Ile ambayo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha kikombe cha chini, bila kuigusa springi, hukuwezesha kushusha gari bila kupoteza nafasi ya shokapu. Lakini nyuzi zake hujaa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na usipozisafisha kwa brashi na kuzipaka grisi, siku unapotaka kuzungusha utakuta zimegandana. Saspensheni ya hewa ingetufaa sana kwa matuta, kwa kuwa unainua gari kwa kitufe, ila sioni kwa nini gari la shule na soko libebe kompresa, mipira ya hewa na mabomba ambayo mafundi wengi hapa hawajazoea kuyatengeneza. Springi za kushusha kidogo pamoja na shokapu zilizofupishwa kwa ajili yake ndilo chaguo la busara zaidi. Bilstein wameitengeneza B8 mahususi kwa springi fupi, na Tein wanayo EnduraPro yenye umbo la shokapu ya kiwandani, ambayo ndani yake ina kikomo cha mafuta badala ya kuitegemea raba peke yake. Kwa barabara zetu, kikomo hicho nakithamini kuliko vitufe vyote vya kurekebisha ugumu.

Kuhusu kukata springi kwa msumeno, au kuzichoma kwa gesi hadi zilale, sina maneno mengi. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi kwa kuwa mizunguko inayofanya kazi imepungua, na gurudumu likining'inia shimoni inaweza kutoka kwenye kikalio chake. Iliyochomwa imepoteza ile tabia ya chuma iliyoifanya iwe springi. Fundi atakayekupendekezea jambo hilo msalimie, kisha nenda gereji nyingine.

Linabaki suala la pembe za magurudumu. Allion mbele ina saspensheni ya MacPherson, ambayo shokapu ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu na mkono mmoja kwa chini, na mkono huo wa chini ukivuka mstari wa ulalo kwa sababu ya kushushwa, gari huanza kulala zaidi kwenye kona kuliko springi mpya zinavyoweza kuzuia. Hii ni sababu nyingine ya kuridhika na milimita 25. Nyuma kuna boriti moja inayojipinda, ambayo haina bolti ya kurekebishia pembe, kwa hiyo huko usitarajie miujiza. Mbele, kushusha hubadilisha mwelekeo wa magurudumu kwa ndani na nje, na kosa hilo hula tairi upande mmoja haraka kuliko ule mlalo wa gurudumu unaolaumiwa siku zote. Kwa hiyo alainimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, ifanywe baada ya springi kukaa kwa wiki chache, si siku ileile, na taa za mbele zipimwe upya, maana pua na mkia vikishuka kwa viwango tofauti, mwanga nao huhama.

Rimu nimeziacha za inchi 15. Tairi la 195/65, yaani upana wa milimita 195 na ukuta wa asilimia 65 ya upana huo, lina ukuta wa milimita 127, na nikihamia 215/40 kwenye rimu ya 18, kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu kilekile lakini ukuta unapungua hadi 86, na kila shimo la Jinja Road litafika kwenye rimu kabla springi nilizozichagua kwa uangalifu hazijapata nafasi ya kufanya kazi.