Kuweka Linux kwenye kompyuta yenye RAM ya megabaiti 512

Kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Pentium 4 na RAM ya megabaiti 512 bado inaweza kuchapa barua, kupiga hesabu za mauzo na kutuma kazi kwenye printa, mradi ipewe mfumo endeshi unaolingana na uwezo wake. Huku Lindi na Mtwara kompyuta za namna hiyo zimejaa kwenye stoo za shule na nyuma ya maduka, zimefunikwa vitambaa, na wenyewe walishaambiwa kwamba hazifai tena. Kilichopitwa na wakati mara nyingi ni Windows iliyomo ndani: Windows XP iliacha kupokea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 ikafuata Januari 2020, na Windows 11 haikubali kuingizwa kwenye kompyuta yenye RAM iliyo chini ya gigabaiti 4. Linux, mfumo endeshi wa bure, ilianza kwa udogo zaidi, kwani Linus Torvalds alipoiandika huko Helsinki mwaka 1991, kompyuta yake ilikuwa na RAM ya megabaiti 4 tu.

Kompyuta ninayoieleza hapa ni ya shangazi yangu, mwenye steshenari Lindi mjini. Nilipomuuliza anataka ifanye nini, alinijibu, “Mwanangu, mimi nataka ichape barua na ihesabu, basi.” Jibu hilo ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata, na ningemshauri yeyote aulize swali hilo kabla hajapakua chochote, kwa sababu kompyuta hii ingeombwa pia icheze video za mtandaoni, hakuna Linux ambayo ingeiokoa.

Kabla ya programu nilifungua kasha. Mji uko ufukweni, na hewa ya chumvi huacha ukungu mweusi kwenye meno ya shaba ya RAM. Ukungu huo hufanya kompyuta ilie milio mirefu badala ya kuwaka, na fundi mwenye haraka husema ubao mama umekufa. Nilichomoa RAM, nikayasugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, nikapangusa kwa kitambaa kikavu, kisha nikairudisha mpaka vishikizo vya pembeni vikabana vyenyewe. Nilibadilisha pia betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Betri hiyo ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika, na Linux yenye tarehe ya zamani hukataa kupakua programu, kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti na orodha za programu huonekana kana kwamba muda wake haujaanza. Wengi huhangaika na mtandao siku nzima ilhali tatizo ni saa.

Nilichagua antiX 23, aina nyepesi ya Linux iliyojengwa juu ya aina nyingine iitwayo Debian 12, kwa sababu bado ina toleo la biti 32, yaani la prosesa za zamani. Biti 32 ina faida hata kwa prosesa inayoweza biti 64: kila anwani ya kumbukumbu hushika baiti 4 badala ya 8, hivyo programu ileile hula RAM kidogo zaidi. Tena antiX haiji na mazingira mazito ya eneo-kazi; hutumia IceWM, ambayo kazi yake ni kupanga madirisha, kuonyesha menyu na kuweka upau wa chini. Toleo la base lina takriban gigabaiti 1.2, na anayehesabu bando anaweza kuchukua core, ambalo ni dogo kwa zaidi ya nusu na hutosha kwenye CD moja, jambo linalosaidia pale BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) isipoweza kuanzia kwenye flashi. Core, hata hivyo, huanza na maandishi matupu, na si mahali pazuri pa kujifunzia.

Uingizaji wenyewe ni maswali machache ya lugha, saa na nywila. Jambo moja tu lahitaji uangalifu: kwenye RAM ndogo, tengeneza kwanza kwenye diski sehemu ya swap, yaani nafasi ya kusaidia RAM inapojaa, ya gigabaiti 1, na uiwashe kwa amri ya swapon kabla ya kufungua kisakinishi, maana bila hiyo kisakinishi chaweza kuganda katikati na kuacha diski nusu tayari.

Kilicholeta tofauti kubwa kuliko vyote ni zram, iliyoingizwa rasmi kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, mwaka 2014. Swap ya kawaida huhamishia data kwenye diski, na diski ya zamani inayozunguka ni ya polepole mno. Hapo ndipo mtu hubofya menyu na kusubiri huku taa ya diski ikiwaka mfululizo. Zram hutenga sehemu ya RAM yenyewe na kuhifadhi humo vipande vya data visivyotumika vikiwa vimebanwa. Prosesa huongezewa kazi kidogo, lakini kubana na kubanua ndani ya RAM ni haraka kuliko kungoja diski. Ukiandika zramctl utaona safu mbili, DATA na COMPR, ya kwanza ikionyesha ukubwa halisi na ya pili ukubwa baada ya kubanwa. Mara nyingi ya pili huwa nusu ya ya kwanza au chini yake. Swap ya diski niliiacha, ila niliipa kipaumbele cha chini ili itumike zram ikijaa.

Kwa kuchapa niliweka AbiWord, na kwa hesabu Gnumeric, zote nyepesi kuliko LibreOffice. Mteja akileta faili la Word lenye majedwali mengi, mpangilio wake waweza kuvurugika, kwa hiyo nilimwomba shangazi apokee kazi za namna hiyo kwenye mashine yake nyingine. Kuhusu intaneti nitasema wazi: kurasa za tovuti za siku hizi, kwa picha na JavaScript zake (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa), ndizo zinazomeza RAM kuliko mfumo wote uliobaki. Dillo, kivinjari chepesi, hufungua kurasa za maandishi vizuri, lakini haiendeshi JavaScript, na tovuti nyingi za huduma hazitafanya kazi humo.

Anayetaka kuifanya kazi hii asichelewe. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya biti 32 kwa kompyuta kama hizi, na Mozilla nayo imeacha kutoa kivinjari kipya cha Firefox kwa Linux ya biti 32 baada ya toleo la 144. Pakua faili la antiX sasa, hakiki namba yake ya sha256 (inayoonyesha kama faili limefika zima), kisha hifadhi nakala kwenye flashi mbili tofauti, moja ikae dukani pamoja na kompyuta yenyewe.