Mchezaji wa Tottenham aliyenifundishia Vita Kuu

Miaka miwili mada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikinishinda hapa Wete. Nikifika kwenye mikataba ya mataifa, kidato cha pili nusu yake wamelalia madawati. Mwaka jana nilijaribu kuanzia karibu, manowari ya Uingereza, Pegasus, ilivyozamishwa na Wajerumani bandarini Unguja, 20 Septemba 1914. Wakasinzia vile vile.

Safari hii niliandika ubaoni jina moja, Walter Tull, nikasema: huyu kachezea Tottenham. Waliolala wakaamka, wa Arsenal wakazomea.

Kazaliwa Folkestone, Uingereza, 1888. Baba yake seremala wa Barbados. Wazee wote wawili walifariki yeye angali mdogo, akalelewa nyumba ya mayatima London. Tottenham ikamchukua 1909, na mwaka huo huo kule Bristol watazamaji wakamtukana kwa weusi wake. Akahamia Northampton, akacheza mechi zaidi ya 100. Desemba 1914 akajiandikisha jeshini, kwenye kikosi kilichoundwa kwa ajili ya wachezaji na mashabiki wa mpira.

Mkono ukanyooka nyuma. "Maalim, yaani ndiyo KMKM yao?"

Darasa zima likacheka. Nilitaka kumkanya, nikajizuia, maana swali lilishinda maelezo yangu. Kwetu Zanzibar KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, zote timu za mpira za vikosi vya serikali. Kijana anasakwa kwa mguu wake, halafu ndiyo anavishwa gwanda. Nikamwambia: wetu wanaingia kikosini wacheze, Tull aliuacha mpira akaenda kwenye mahandaki ya Somme, Ufaransa.

Kutoka hapo sikuhitaji tena kupiga meza. Kanuni za jeshi lao zilimzuia mtu mweusi kuwa ofisa, lakini 1917 Tull akawa luteni usu, akaongoza Wazungu vitani Italia. Aliuawa Ufaransa 25 Machi 1918. Askari wake walijaribu kumtoa huku risasi zikimiminika, wakashindwa, mwili haukupatikana.

Kimya. Nikauliza: dabi ya Simba na Yanga mnaiitaje?

"Ya Kariakoo!"

Kariakoo, nikawaambia, ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo hivyo, huku huku Afrika Mashariki.

Yule wa KMKM akanyoosha mkono tena. "Na hao, maalim, majina yao yako wapi?"

Kengele ikalia. Hakunyanyuka mtu.