Praiveti aliyekataa amri ya lindo

Katika kikosi kimoja mkoani Dodoma, nikiwa sajenti wa seksheni (kikundi kidogo cha askari), praiveti mmoja, yaani askari wa cheo cha chini kabisa, alikataa mbele ya wenzake kwenda lindo la usiku. Sikubishana naye gwarideni, kwa kuwa mabishano ya hadharani humfanya kijana alinde heshima yake badala ya kutii. Nilimwita pembeni pamoja na koplo wake, nikairudia amri kwa maneno mafupi, nikamkumbusha kwamba kukataa amri halali ni kosa la kijeshi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, kisha nikamwuliza sababu.

“Afande, kila wiki ni mimi tu,” alijibu.

Alikwenda lindo usiku uleule, na hilo lilikuwa la lazima kabla ya malalamiko yoyote kusikilizwa. Kesho yake nilikagua daftari la malindo, nikathibitisha kwamba mpangaji wa zamu alikuwa akiwaondoa baadhi ya askari kwenye orodha. Taarifa yangu kwa kamanda wa kombania ilieleza mambo yote mawili, ukaidi na upendeleo. Praiveti aliadhibiwa, mpangaji akabadilishwa, na zamu zikaanza kubandikwa ubaoni.