Nilivyompa mtoto wa chekechea neno "sitaki"

Nafundisha chekechea hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Mwaka jana tulimpokea msichana wa miaka minne mwenye utindio wa ubongo. Kiswahili alikielewa vizuri, na hadithi ikifika penye kuchekesha alicheka wa kwanza. Ila mdomo haukumtii, na mkono ulitetemeka kila aliponyoosha kidole.

Basi nikaamua aseme kwa picha: anagusa au kutazama picha ya neno analotaka. Picha nilizipata kwa ARASAAC, hazina ya michoro ya mawasiliano ya serikali ya Aragón, Hispania, ambayo mwalimu anaipakua bure. Maji, choo, kulala, vyote vimo. Sambaza na sombe (majani ya muhogo) nilipiga picha mwenyewe, maana samaki anayeliwa kwao ni sambaza.

Kazi kubwa ilikuwa kuchagua maneno. Wengi huanza na rangi na wanyama. Mimi nilianza na "sitaki", "tena", "nisaidie" na "njoo". Mtoto anayeweza kumtaja tembo lakini hawezi kukataa uji bado anaamuliwa kila kitu. Picha za maneno hayo nilizibandika kwenye pembe nne za kartoni, kubwa na zenye nafasi kati yake, ili mkono ukitetemeka usiguse mbili. Akichoka anatazama pembe moja, nasi tunafuata macho.

Kisha tukapata simu ya zamani yenye programu inayofanya kazi bila intaneti: ukigusa picha, inatoa sauti uliyorekodi. Tulimrekodi dada yake, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Haifai msichana mdogo aseme kwa sauti yangu ya mtu mzima. Umeme ukikosekana na simu ikazimika, kartoni ipo.

Mama yake aliingiwa na hofu: "Mwalimu, simu ikimsemea, si ataacha kujaribu kusema?" Nilimwambia tafiti hazijaonyesha kwamba njia hii inazuia usemi, watoto wengine hata huongeza maneno ya mdomo. La muhimu ni sisi wenyewe kuitumia. Nikisema "tena", naigusa picha ya "tena" mbele ya darasa lote. Wenzake waliiga upesi kuliko watu wazima.

Neno alilochagua kwanza lilikuwa "sitaki", saa ya uji. Niliondoa kikombe palepale, ingawa mpishi alinuna. Neno lisipotendewa kazi, mtoto analiacha.

Sasa tunatengeneza kartoni ya "nani?" na "wapi?", pamoja na barua ya maelezo kwa mwalimu atakayempokea shule ya msingi.